Kuzamia Pemba: tazama mwezi kabla hujatazama bei

Nilipoomba likizo nikasema nakwenda kuzamia, chumba kizima cha walimu kiligeuka. Mwenzangu mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama meli yenyewe inakwenda Afrika Kusini au Ugiriki. Ikabidi nieleze kwamba sizamii meli, nazamia baharini na mtungi wa hewa mgongoni, tena Pemba, kwetu, na skuli zikifunguliwa watanikuta na chaki mkononi. Hawakuamini sana. Mama naye, nilipompigia simu Wete, alinyamaza kidogo kisha akauliza: "Umedondosha nini huko chini?"

Wakati huo nilikuwa na miaka 34. Sasa nina 39 na kila Disemba nakwenda. Nafundisha baiolojia, mshahara wangu ni wa mwalimu, na safari ya kwanza niliilipia kwa pesa ya upatu nilioucheza miezi kumi. Namwandikia mtu kama mimi: anaishi Visiwani au bara, analipwa kwa shilingi, ana siku saba za mapumziko, na akiwaona wageni wanapakia mitungi kwenye boti hujisemea hayo si mambo yetu. Mjomba wangu amezamia pweza kwa pumzi yake tangu ujanani. Kila nilichofundishwa kwenye darasa la cheti nilikuja kukuta yeye anakijua, ila kwa jina jengine.

Mwezi kwanza

Watu huanza na bei ya chumba. Kwa Pemba anza na kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu.

Sababu ni hii. Unguja imekaa karibu na bara na bahari iliyo kati yao ni ya kina kidogo. Pemba imesimama peke yake, na kati yake na bara pana kina cha mamia ya mita. Upande wake wa magharibi umezungukwa na visiwa vidogo vilivyopangwa kama shanga: Njao, Fundo, Uvinje, Kokota, na kusini zaidi Misali. Kati ya kisiwa na kisiwa pana milango, na maji yote yanayoingia na kutoka kwenye ghuba za ndani hupita hapo. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa kwetu hufika kama mita 4. Maji yote hayo yapite mlangoni kwa saa sita, kisha yarudi kwa saa sita nyengine. Mzamiaji mchanga hana la kufanya hapo zaidi ya kuchukuliwa.

Kwa hiyo panga siku za kuzamia ziangukie maji mafu, yaani takriban tarehe 8 hadi 10 za mwezi wa Kiislamu, au 23 hadi 25. Hapo bahari inapanda na kushuka kidogo, na mkondo unapungua nguvu.

Faida ya pili ni saa, na hii nilifundishwa na mjomba, kwenye kitabu sikuiona. Kwetu siku za bamvua maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu na saa nne. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Hesabu wiki moja mbele, ukiwa ndani ya maji mafu, utaona kujaa kumesogea hadi karibu na saa nne asubuhi. Hiyo ndiyo saa unayoitaka. Maji safi ya bahari kuu yameshaingia, yamesimama kabla ya kugeuka, na jua limepanda kiasi cha kukuonyesha rangi. Ukichelewa, maji yanaanza kutoka na kukuletea tope la mikoko.

Mwaka wangu wa pili nilijifanya mjuaji. Nilipata chumba cha bei nafuu tarehe 15, mwezi umejaa kama sahani, nikasema nimekwenda mara moja, najua. Tulishuka mlangoni, na kuanzia dakika ya pili mwamba ulipita mbele yangu kama nyumba zinavyopita ukiwa ndani ya daladala. Taa mkubwa alipita, au nilimpita, sijui. Tulipoibuka, boti ilikuwa ndogo kama kiberiti. Hakuna aliyeumia, nahodha alitufuata vizuri, lakini pesa ya siku ile nililipia kusafirishwa tu.

Kuhusu msimu sina mengi. Masika acha, mvua inachafua maji na vituo vyengine hufunga. Kusi ikivuma, Juni hadi Septemba, magharibi ya Pemba hupata kivuli cha kisiwa lakini maji ni ya baridi kidogo na safari ya kufika ina mawimbi. Kuanzia Oktoba, maleleji, mpaka Machi ndiyo wakati maji yanakuwa mepesi kwa macho. Mimi nafungwa na Disemba kwa sababu ya skuli, basi ndani ya Disemba natafuta maji mafu.

Ikiwa likizo yako imeangukia Ramadhani, iahirishe. Sina fatwa ya kutoa. Mwili uliokaukiwa maji huathirika kwa urahisi zaidi na ugonjwa wa shinikizo, ule unaompata mzamiaji akipanda haraka, na hilo halijali nia yako.

Jifunze Unguja, ukafurahi Pemba

Usitumie siku zako za Pemba kujifunza kupumua. Kozi ya kwanza huchukua siku tatu hadi nne: masomo, mazoezi kwenye bwawa au maji ya kifuani, kisha kushuka baharini mara nne. Cheti chake kinakuruhusu kufika mita 18. Kozi ya pili inakufikisha 30, na hiyo unaweza kuifanya baadaye ukiwa umeshaonja.

Utatakiwa kuogelea mita 200 bila kusimama na kuelea dakika 10. Hakuna anayepima mwendo. Mimi nilikuwa sijui kuogelea kabisa nikiwa na miaka 33, binti wa Kipemba, aibu iliyoje, na aliyenifundisha ni mtoto wa dada yangu, darasa la sita, pwani ya Fumba, maji ya kiunoni, huku akinicheka. Ikiwa hujui, anza hapo. Haina gharama.

Utapewa fomu ya afya. Ijibu kweli. Pumu, moyo, kifafa, upasuaji wa sikio au kifua, ujauzito, yote yaandike, na wakikuambia umwone daktari kwanza, mwone. Hewa iliyonaswa ndani ya mapafu yenye tatizo haimwonei mtu haya.

Karibu na Mji Mkongwe pana miamba ya kujifunzia ambayo si ya kina: Bawe, Pange, Murogo. Pana pia mabaki ya Great Northern, meli ya Waingereza ya kutandaza waya za telegrafu iliyozama 1902. Imebaki mbavu tu, lakini kwa mwanafunzi ni mahali pazuri, kina kidogo na samaki wamejaa. Chumbe nenda, ila mitungi hairuhusiwi huko, ni kuelea juu na miwani tu, na matumbawe yake utayakumbuka. Mnemba ni pazuri na pana tabu yake: siku ya msimu boti zinabanana, watu wanaruka juu ya pomboo kama wanagombania kuku. Nimekwenda mara moja, sijarudi.

Namna ya kuchagua kituo: usidanganywe na rangi ya boti. Uliza kiongozi mmoja anachukua watu wangapi. Wanne ni vizuri. Wanane, aga uondoke. Uliza kama boti ina oksijeni ya dharura, kisha omba uione, kwa sababu jibu la "ipo" ni jepesi. Kabla ya kushuka fungua mtungi wako na unuse: hewa nzuri haina harufu yoyote. Ikinuka mafuta au moshi, mtungi huo si wako. Uliza bei ya wakaazi, na uende na kitambulisho chako. Mara nyingi ipo ila haijaandikwa ubaoni. Tena omba mwalimu azungumze nawe Kiswahili. Viongozi wengi ni vijana wetu wenyewe, na mambo ya shinikizo ukiyaelezwa kwa lugha uliyolelewa nayo yanakaa. Mimi nilianza na darasa la Kiingereza kwa sababu niliona ndiyo heshima. Siku ya tatu nikamwomba kijana mmoja wa Nungwi anirudie yote upya, na nusu saa yake ilinifaa kuliko siku mbili.

Yeye ndiye aliyenikomesha na dole gumba. Sisi mtu akikuuliza hali kwa mbali unainua dole: safi. Chini ya maji dole juu maana yake nataka kupanda. Mara tatu nilimwambia mwalimu nimefurahi, mara tatu akanipandisha. Safi ni kidole gumba na cha shahada vikutane viwe duara.

Masikio

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokata tamaa, na hapa ndipo nilipoumia.

Darasani huwa naonyesha kwa chupa tupu ya maji ya nusu lita. Ifunge kizibo juu ya maji, shuka nayo. Mita 10 hewa ya ndani inabaki nusu na chupa imebonyea. Mita 20 ni theluthi, mita 30 ni robo. Sasa tazama: kutoka juu hadi mita 10 umepoteza nusu nzima, kutoka 20 hadi 30 umepoteza kidogo tu. Maana yake mita za mwanzo ndizo ngumu kwa sikio. Mtu anajitayarisha kwa kina kirefu, kumbe pambano liko pale pale chini ya boti.

Nyuma ya ngoma ya sikio pana chumba kidogo chenye hewa, kama chupa ile, na mrija mwembamba unaokiunganisha na koo. Kazi yako ni kuingiza hewa chumbani kabla ngoma haijabonyea. Bana pua, funga mdomo, pulizia pole pole mpaka usikie mlio mdogo. Anza ukiwa bado juu, kabla ya kushuka. Rudia kila nusu mita. Ukisubiri maumivu umeshachelewa, mrija umejibana na kadiri unavyosukuma ndivyo unavyouharibu. Sikio likikataa, panda mita moja, jaribu tena, geuza kichwa upande. Shuka miguu mbele huku umeshika kamba ya nanga, ndipo utaweza kusimama unapotaka. Wenzako wakiwa wameshafika chini wanakusubiri, waache wasubiri.

Mimi niliona haya kusubiriwa. Ilikuwa safari yangu ya tatu, na nilikuwa na mafua mepesi, ya kuchuruzika tu. Kituo nilichokwenda, sitakitaja, waliniambia nimeze kidonge cha kufungua pua na nitakuwa sawa, na kwa kuwa pesa ilikwishalipwa nilitaka kuwaamini. Kushuka nilishuka vizuri. Dakika ya 30 dawa ikaisha nguvu nikiwa chini, mrija ukafunga, na hewa iliyokuwa ndani ya sikio ikataka kutoka wakati napanda. Sijawahi kujifungua, lakini dada yangu aliponieleza uchungu nilimwambia nimeuonja kwa sikio. Nilipanda nusu mita nusu mita, mtungi ukikaribia kwisha. Wiki mbili nilisikia kama niliyevaa ndoo kichwani, na wanafunzi wa nyuma walijua hilo haraka sana.

Basi mafua yakikukuta Pemba, siku hiyo nenda Ngezi ukatazame msitu, au kakae kwa shangazi. Vidonge visikudanganye.

Jambo jengine la hewa, na hili halina mjadala: usizuie pumzi kamwe ukiwa na mtungi. Mjomba anashuka na pumzi moja ya juu na kurudi nayo, hewa yake inabanwa kisha inarudi ilivyokuwa. Wewe unavuta hewa ukiwa chini, imeshindiliwa. Ukipanda umefunga koo, itatanuka ndani ya mapafu ikose pa kwenda. Pumua mfululizo, taratibu, na ukitoa kifaa cha kupumulia mdomoni acha mapovu madogo yatoke.

Kitambaa, masharubu na mengineyo

Wanawake huniuliza hili kabla ya yote, kwa hiyo nalijibu wazi. Suti ya kuzamia inafunika mwili mzima. Mimi huvaa juu yake shati refu la kuogelea linalofika mapajani, na kichwani kofia ya mpira ya suti, ile inayoshuka mpaka shingoni, ambayo wazamiaji wa nchi za baridi huivaa kwa baridi. Hakuna anayenitazama mara mbili. Ila jihadhari na ukingo wa kitambaa: ukiingia chini ya mpira wa miwani hata kwa upana wa uzi, maji yataingia safari nzima. Vivyo hivyo nywele za kwenye paji la uso. Pini acha nyumbani, zinatoboa jaketi la kujazia hewa. Mtandio mrefu unaoelea nao hapana, utanasa kwenye tumbawe au kwenye vali.

Wanaume, tatizo lenu ni masharubu. Punguza mstari mmoja chini ya pua, miwani itakaa.

Miwani isifanye ukungu, itemee mate, sugua, suuza. Mjomba husugua kwa jani analolichuma pwani, linafanya kazi sawasawa. Mkanda wa risasi, yale madini mazito ya kukuzamisha ambayo yeye huyaita chubwi, usizidishwe: mzamiaji mzito huzama mpaka kwenye matumbawe na kuyavunja kwa magoti. Ukiwa juu, jaketi likiwa tupu na umeshika pumzi ya kawaida, maji yanapaswa kukufika machoni. Hapo uzito umekaa.

Safarini kula muhogo wa kuchemsha na chai ya tangawizi. Urojo subiri ukirudi. Nalisema kwa niaba ya waliokaa karibu nami botini mwaka wa kwanza.

Ukiwa majini

Anza na Misali. Iko magharibi ya Chake Chake, kisiwa hakina mji, na miamba yake ina mahali pa mteremko mpole pamoja na kuta. Eneo hilo limehifadhiwa tangu 1998 na sasa limo ndani ya hifadhi kubwa ya Mkondo wa Pemba, kwa hiyo utalipa ada ya kuingia. Idai risiti. Siku mbili hapo, mwili ukishatulia, ndipo uende kaskazini, Fundo na Njao, penye kuta zinazoshuka mpaka macho yanakoma. Mashariki ya Pemba ni bahari kuu wazi. Hiyo waachie wenye mamia ya mizamo.

Mgeni mmoja tuliyekuwa naye botini alitusimulia Bonaire, kisiwa cha Karibi. Huko, alisema, unakodi pikapu, unaweka mitungi nyuma, unaendesha kando ya pwani mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya manjano lenye jina la mahali, unaegesha, unaingia majini kwa miguu. Nilimwonea wivu. Kisha nikamtazama nahodha wetu. Hakuwa na jiwe wala mashine. Alitazama mnara wa taa wa Kigomasha, akatazama mnazi mmoja uliopinda, akasogeza boti mpaka viwili hivyo vikakaa anavyotaka, akageuka upande wa pili akapanga ncha ya kisiwa na mti mwengine, akazima injini. Chini yetu palikuwa na kichwa cha mwamba kisichozidi ukubwa wa msikiti mdogo. Wavuvi huziita alama, na kila mmoja ana zake ambazo hazisemi ovyo. Kwa hiyo ukichagua boti Pemba, uliza zaidi juu ya nahodha kuliko juu ya injini.

Kule chini mkondo hata wa maji mafu upo kidogo, na hupigani nao. Unakaa karibu na mwamba, unaacha ukubebe, boti inafuata boya la kiongozi. Ukipotezana na mwenzako, mtafute dakika moja, kisha panda pole pole, mtakutana juu. Uwe na firimbi jaketini. Sauti ya mtu haifiki mbali baharini, firimbi inafika.

Tazama geji ya hewa mara nyingi kuliko unavyoona haja. Mtungi huanza na 200, kwa kipimo cha shinikizo kiitwacho bar, na kwa 50 uwe umeshafika juu. Pumzi ambayo juu ingekutosha saa nzima, mita 20 itakutosha dakika 20, na mtu mwenye hofu humaliza kabla. Hewa yangu ya kwanza niliimaliza mbio kama nimekimbizwa na mbwa. Inayosaidia ni kutokuwa na haraka ya kuona. Simama mbele ya tumbawe moja dakika tano. Mkunga atatoa kichwa. Chale atatandaza mapezi yake yenye sumu, mtazame, usimguse. Utasikia kitu kinatafuna: ni pono, anavunja tumbawe kwa meno ili ale kilichomo, na anakitoa kwa nyuma kuwa mchanga. Sehemu kubwa ya mchanga ule mweupe unaoupigia picha Misali imepita tumboni mwa pono. Wanafunzi wangu hulipenda somo hili kuliko yote.

Niliwahi kujikata kidole kwenye kombe nikiwa mita 20 na damu iliyotoka ilikuwa ya kijani kibichi iliyofifia. Nilishtuka mpaka nikakumbuka ninachofundisha: maji hula rangi nyekundu kwanza. Nenda na tochi hata mchana. Washa juu ya mwamba unaoudhani wa kijivu, uone.

Si kila mahali ni bustani. Joto la bahari la 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi Pemba, na utakutana na vifusi vilivyolala kama tofali za nyumba iliyobomolewa, vyengine vimeanza kuota upya, vyengine bado. Usishike, usisimame juu yake, usitie kauri mfukoni.

Kupanda ni taratibu, si zaidi ya mita 9 kwa dakika. Ukifika mita 5 simama dakika tatu. Naitrojeni uliyoivuta kule chini imeyeyuka mwilini na inahitaji muda wa kutoka kwa upole, sawa na chupa ya soda: ukifungua pole pole hutulia, ukifungua kwa ghafla hufurika. Kati ya mzamo na mzamo pumzika saa moja au zaidi, kunywa maji, kunywa madafu.

Mapumziko hayo ukiyapata Misali, kaa kivulini. Wazee husimulia kwamba Nabii Khidri aliwafikia wavuvi hapo akaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akasema basi kisiwa hiki chenyewe kitakuwa mfano wa msala, kwani kimeelekea kibla. Nahodha wetu alitusimulia huku akitandika mkeka wake, akasali adhuhuri, akaturudisha majini.

Kurudi

Nenda kwa ndege ukipenda, uwanja wa Kisauni, Unguja, hadi Chake Chake, ni muda mfupi tu. Lakini kurudi, rudi kwa boti. Baada ya siku kadhaa za kuzamia unatakiwa ukae angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, hata hizi ndogo, na mimi najipa 24 kamili. Boti ya Mkoani haina masharti hayo. Watu wa bara wanaovukia Tanga, wasiunganishe moja kwa moja na Lushoto: ule ni mlima wa kama mita 1,400, na mwili hautofautishi mlima na ndege. Lala Tanga usiku mmoja.

Ukisikia maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu au uchovu usioeleweka ndani ya siku moja, usijipake mafuta ya karafuu na kulala. Wapigie waliokuzamisha, uvute oksijeni, uulizie chumba cha shinikizo, kile cha kutibia wazamiaji, kilicho karibu. Namba hiyo iandike siku ya kwanza, kabla hujaihitaji.

Ninaporudi hukaa juu, upande wa kivuli. Tukifika usawa wa Nungwi husoma Fatiha kwa waliokuwamo ndani ya meli ya MV Spice Islander, iliyozama Septemba 2011. Kisha hulala.

Vifaa vyako, kama unavyo, visuuze kwa maji baridi yasiyo na chumvi usiku wa mwisho na uvianike kivulini, kwa sababu jua linaupasua mpira. Suti haitakauka kwa wakati, itasafiri na unyevu wake na harufu yake. Haluwa ya Wete uliyoinunulia nyumba nzima ifungie mfuko wake mbali nayo. Mwaka juzi sikufanya hivyo.